Mwongozo Kamili wa Kuvusha Mparachichi wa Chunguni Majira ya Baridi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wale wanaotunza mparachichi chunguni katika miji ambayo maji huganda nje, kama Berlin, Toronto, Minneapolis au Stockholm, na ambao kila ifikapo Januari hukutana na hali ileile: majani yana ncha za kahawia, yanapukutika moja baada ya jingine, kilele cha shina kinaanza kuwa cheusi, na udongo umelowa. Wengi wao huamini kwamba mti umeuawa na baridi. Kwa kawaida sivyo. Mti uliowekwa ndani ya nyumba yenye hita hauoni baridi ya kuuua. Unaangamizwa na maji mengi unayopewa wakati ambapo mwanga ni hafifu mno kiasi kwamba hauwezi kuyatumia.

Waliokulia Njombe wanaijua baridi, na wanajua vilevile kwamba maparachichi yanastawi huko ingawa usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Tofauti kubwa kati ya Njombe na Berlin, kwa mti uliomo ndani ya nyumba, ni mwanga. Njombe mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, ilhali katika siku fupi kuliko zote za Desemba mchana wa Berlin haufikii saa 8, na ule wa Stockholm ni wa saa 6 tu, tena mara nyingi chini ya mawingu mazito.

Kwa hiyo kanuni inayotawala hatua zote zinazofuata ni hii: mwanga ndio unaoamua kasi ya mti, nayo joto na maji sharti viufuate mwanga huo. Mwanga ukipungua, joto lipungue na maji yapungue. Ukitaka mti uendelee kukua ndani ya nyumba yenye joto, uongezewe mwanga kwanza. Kinachoua ni mchanganyiko wa joto la sebuleni, mwanga wa Desemba na maji ya Julai, mwezi ambao huko ni wa kiangazi.

Nyuzi zote zilizotajwa humu ni za Selsiasi. Walioko Marekani wakumbuke kwamba nyuzi 10 ni sawa na 50 za Farenhaiti, na nyuzi 20 ni sawa na 68.

Vifaa vya kuandaa kabla ya Septemba kwisha

- Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku, na ikiwezekana kinachopima pia unyevunyevu wa hewa.
- Kijiti cha mbao kisichopakwa rangi. Cha mishikaki kinatosha. Hiki ndicho kipimo chako cha maji.
- Kisahani cha kukingia maji chini ya chungu, na kipande cha ubao au cha koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) cha kuweka chini ya kisahani.
- Taa ya LED ya kukuzia mimea, yenye mwanga mweupe na inayotumia umeme wa wati 30 hadi 50, pamoja na plagi yenye taima. Ukichagua njia ya chumba cha ubaridi iliyoelezwa katika hatua ya 3, huenda usiihitaji.
- Madumu ya maji ya mvua, au theluji iliyoyeyushwa, kama maji ya bomba ya mji wako yana chokaa nyingi. London na Berlin zimo katika kundi hili.
- Sabuni maalumu ya kuulia wadudu wa mimea, kitambaa laini, na kioo cha kukuzia.

Mbolea haimo katika orodha hii, na haikusahaulika. Haina kazi mpaka majira ya kuchipua. Chungu kipya nacho hakimo, kwa sababu kuhamisha mti kuelekea majira ya baridi ni kuikata na kuisumbua mizizi wakati ambapo haina nguvu ya kujirudisha.

Hatua ya 1: Ujue mti ulio nao

Mti uliooteshwa kutoka kokwa la parachichi la dukani hautafanana kwa hakika na mama yake, hata kama tunda lenyewe lilikuwa la aina ya Hass. Mti wa namna hiyo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na chunguni huenda usizae kamwe. Anayetaka matunda anunue mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti wa aina inayojulikana, kwa kuwa huo unaweza kutoa maua baada ya miaka mitatu au minne. Ni vyema kulijua hili mapema, kwa sababu mti wa kokwa hutunzwa kwa ajili ya majani yake, na hakuna sababu ya kuulazimisha ukue mwezi Januari.

Aina nazo hazilingani katika kuvumilia baridi. Hass iliyokomaa huanza kuumia joto linapofika karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Fuerte huvumilia kidogo zaidi. Aina za asili ya Mexico, kama Mexicola, zikishakomaa zinaweza kuhimili hata nyuzi 6 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Takwimu hizi, hata hivyo, ni za miti mikubwa iliyopandwa ardhini. Mti mchanga ulio chunguni huweza kuumia mara tu joto linaposhuka chini ya sifuri, kwa sababu mizizi yake imezungukwa na hewa pande zote na haina ardhi ya kuikinga. Usikubali kudanganywa na lebo ya dukani inayosema mche "unavumilia baridi kali" ukauacha barazani usiku wa Novemba.

Hatua ya 2: Uandae mti ungali nje

Kazi hii hufanywa wiki mbili au tatu kabla ya kuuingiza ndani, wakati mchana bado una joto. Ina sehemu tatu.

Kwanza, safisha chumvi iliyojikusanya udongoni. Mparachichi ni miongoni mwa miti ya matunda inayoathiriwa upesi sana na chumvi, hasa kloridi, na mbolea ya kiangazi pamoja na maji ya bomba huacha mabaki ambayo hayaendi popote chunguni. Mimina polepole maji yenye ujazo wa mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, uyaache yatoke yote kwa chini, kisha uache udongo ukauke kwa kiasi kabla ya kumwagilia tena. Jambo hili lisifanywe mwezi Desemba ndani ya nyumba, kwa sababu udongo uliolowa kiasi hicho ungekaa na maji kwa majuma.

Pili, acha kutia mbolea. Mbolea huamsha machipukizi mapya, na machipukizi yanayoota mwanga ukiwa unapungua huwa marefu, membamba na dhaifu. Kwa sababu hiyohiyo usipogoe wakati huu.

Tatu, kagua wadudu. Geuza kila jani uangalie chini yake kwa kioo cha kukuzia, kisha osha mti wote kwa mpira wa maji. Mdudu mmoja anayeingia ndani mwezi Septemba hukuta nyumba yenye joto, hewa kavu na isiyo na mvua wala maadui wake.

Utajua kwamba hatua hii imekwenda vizuri ikiwa maji yanayotoka chini ya chungu yametiririka bila kusita na majani yamebaki safi pande zote mbili. Maji yakituama juu ya udongo kwa dakika kadhaa kabla ya kuzama, chungu chako kina tatizo la kupitisha maji, na mti huo utahitaji uangalifu maradufu katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Uingize mapema, mahali panapofaa

Uingize mti ndani usiku unapoanza kushuka hadi nyuzi 10, usisubiri utabiri wa barafu. Katika miji mingi ya bara, kama Berlin na Minneapolis, hali hiyo hutokea mwezi Septemba. Lengo ni mti ukae ndani kwa muda kabla hita hazijawashwa, ili uzoee upungufu wa mwanga kwanza na ukavu wa hewa baadaye. Mti unaopokea mabadiliko yote mawili siku moja huangusha majani.

Kuna njia mbili za kuuvusha, nawe uchague moja na kushikamana nayo.

*Njia ya chumba cha ubaridi.* Mti huwekwa katika chumba kisicho na hita kali, chenye dirisha kubwa, na joto la kati ya nyuzi 8 na 14: chumba cha wageni, varanda iliyozibwa kwa vioo, au ngazi za ndani zenye mwanga. Katika joto hilo mti karibu unasimama. Haukui, hauhitaji mwanga mwingi, na maji unayotumia ni machache sana. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa yeyote mwenye chumba cha namna hiyo, kwa kuwa haihitaji umeme na haina mambo mengi ya kukosea.

*Njia ya chumba cha joto.* Mti hukaa sebuleni kwenye nyuzi 18 hadi 22, chini ya taa. Hii ndiyo njia ya wengi wanaoishi katika fleti, ambako kila chumba kina joto lilelile. Inafaa kabisa, ila bila taa haifanyi kazi.

Gereji lenye giza halifai kwa njia yoyote. Mti huu hubaki na majani mwaka mzima, kwa hiyo haulali kama mtini au mzabibu, ambayo huweza kukaa gizani baada ya kupukutisha majani yake.

Onyo kwa wafugaji: majani na gome la mparachichi vina kemikali iitwayo persini, ambayo ni sumu kwa ndege, sungura, mbuzi na farasi. Kama una kasuku au chiriku anayeachiwa kuruka ndani ya nyumba, mti ukae katika chumba ambacho ndege haingii.

Hatua ya 4: Panga mwanga kabla ya kitu kingine chochote

Katika nusu ya kaskazini ya dunia jua la majira ya baridi hubaki upande wa kusini, tena chini sana. Dirisha la kusini ndilo la kwanza kufikiriwa. La mashariki na la magharibi hufuata, na la kaskazini halifai bila taa. Jicho la binadamu hudanganyika hapa, kwa sababu hujirekebisha na kuona chumba kuwa kinang'aa hata pale ambapo mti una njaa ya mwanga. Nje, jua kali la mchana hufikia luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100,000; sebule iliyowashiwa taa za kawaida usiku huwa na luksi mia chache tu. Kuusogeza mti mita moja na nusu kutoka dirishani kunatosha kupunguza mwanga kwa zaidi ya nusu. Simu nyingi zina programu ya kupima luksi, na ingawa si sahihi kabisa, inatosha kulinganisha pembe moja ya chumba na nyingine.

Kwa hiyo, uweke mti karibu na kioo kadiri inavyowezekana, ila majani yasiguse kioo, kwa kuwa usiku wa baridi kali jani lililogusa kioo huungua. Safisha dirisha, ndani na nje. Futa majani kwa kitambaa chenye maji mara moja kwa mwezi, kwani vumbi la ndani huzuia mwanga ambao tayari ni mdogo. Zungusha chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo mti utainama wote upande wa dirisha.

Anayetumia njia ya chumba cha joto aining'inize taa sentimita 30 hadi 45 juu ya kilele cha mti na kuiwasha kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku. Taima ikiwekwa iwake saa 1 asubuhi na kuzima saa 3 usiku, mti unapata saa 14 pamoja na mwanga wa dirishani, na kisha unapata giza kamili la usiku, ambalo nalo unalihitaji. Usiwashe taa saa 24 kwa kudhani unafidia kitu. Taa iliyowekwa pembeni, sakafuni au ukutani, hulisha majani ya upande mmoja na kuupinda mti.

Anayetumia chumba cha ubaridi chenye dirisha la kusini anaweza kuacha taa kabisa. Kama dirisha ni la upande mwingine, taa ndogo kwa muda wa saa 8 hadi 10 inatosha.

Kipimo cha mafanikio ni umbali kati ya jani na jani kwenye chipukizi jipya. Majani yakiota karibukaribu, yakiwa na rangi ya kijani iliyokoza, mwanga unatosha. Chipukizi likirefuka kama fimbo na majani machache mbalimbali, mwanga ni mdogo kuliko joto: ama ongeza taa, ama punguza joto. Maji au mbolea haviwezi kulirekebisha hilo.

Hatua ya 5: Mwagilia kwa kupima, si kwa kalenda

Hapa ndipo miti mingi hupotea, kwa hiyo hatua hii isomwe polepole.

Mizizi ya mparachichi hukaa karibu na uso wa udongo, na ina vinyweleo vichache mno ikilinganishwa na miti mingine. Inahitaji hewa kwa wingi. Udongo ukijaa maji, hewa hutoka, mizizi huanza kufa, na vimelea vya kuozesha mizizi, maarufu zaidi kati yao kikiwa Phytophthora cinnamomi, hupata nafasi. Kibaya zaidi ni kwamba mti uliooza mizizi huonekana kana kwamba una kiu, maana hauna tena cha kunyonyea maji: majani yananyauka na kuning'inia. Mwenye mti, kwa huruma, anaumwagilia tena, na hapo anakuwa ameumaliza.

Kabla ya kila umwagiliaji fanya vipimo viwili. Choma kijiti hadi nusu ya kina cha chungu, ukiache kwa dakika tano, kisha ukitoe. Kikitoka na rangi nyeusi ya unyevu na chembe za udongo zilizogandamana, subiri. Kisha nyanyua chungu. Ukijizoeza kukinyanyua mara baada ya kumwagilia na tena kikiwa kikavu, mikono yako itajifunza tofauti hiyo baada ya muda mfupi, na kipimo hiki hukosea mara chache kuliko vile vya chuma vinavyouzwa madukani.

Katika chumba cha ubaridi, mwagilia pale tu kijiti kinapotoka karibu kikavu kutoka nusu ya kina. Huenda hilo likatokea baada ya wiki mbili, huenda baada ya nne. Katika chumba cha joto chenye taa, mwagilia sentimita 4 au 5 za juu zinapokuwa zimekauka. Usiache udongo ukauke wote hadi ukaachana na ukingo wa chungu, kwa maana maji utakayomimina baadaye yatapita pembeni bila kugusa mizizi.

Ukishaamua kumwagilia, mwagilia kikamilifu mpaka maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yote yaliyobaki kisahanini. Kikombe kidogo kila asubuhi ni tabia mbaya kuliko zote, kwa kuwa hulowesha sehemu ya juu kila wakati, huacha ya chini kavu, na hukusanya chumvi katikati.

Maji yawe na joto la chumba. Maji ya bomba ya Januari yanaweza kuwa baridi mno, na yakifika kwenye mizizi huisimamisha. Kama nyumba yenu ina mashine ya kulainisha maji kwa chumvi, usitumie kabisa maji yanayotoka humo. Chukua ya mvua au ya bomba lisilopita kwenye mashine.

Kuna ushauri wa zamani wa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Usiufuate. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ujae kwanza, kwa hiyo kokoto hupandisha tu eneo lililolowa na kulisogeza karibu na mizizi.

Hatua ya 6: Joto la mizizi na hewa ya chumba

Chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya vigae au ya zege huwa na mizizi iliyopoa huku majani yakiwa kwenye joto na jua la dirishani. Mizizi ya mparachichi hupunguza sana kazi yake joto linaposhuka chini ya nyuzi 13 hivi, kwa hiyo majani hupoteza maji ambayo mizizi haiwezi kuyarudisha. Ule ubao au koki ulioandaliwa ni kwa ajili hii. Katika chumba cha ubaridi tatizo hili ni dogo, kwa kuwa majani nayo yamepoa.

Kosa la upande wa pili ni kuweka chungu juu ya hita iliyo chini ya dirisha. Hewa inayopanda hapo ni ya moto na kavu, na ndicho chanzo cha kawaida cha utitiri, wadudu wadogo wa majani walioelezwa katika hatua ya 7. Kama dirisha la kusini ni hilo tu, funga hita hiyo moja, au weka ubao mpana kati yake na chungu ili hewa ya moto ielekezwe chumbani.

Katika nyumba yenye hita, unyevunyevu wa hewa unaweza kushuka chini ya asilimia 30. Mti hupendelea asilimia 40 hadi 50. Kunyunyizia majani maji hakusaidii, kwani athari yake hupotea baada ya dakika chache. Kukusanya mimea pamoja kunasaidia kidogo, na mashine ya kuongeza unyevu hewani inasaidia kweli. Hata hivyo usikimbilie kuinunua kwa sababu tu umeona ncha za kahawia. Kwa mparachichi, ncha hizo mara nyingi zaidi huletwa na chumvi kuliko ukavu wa hewa, na aliyesafisha udongo wake Septemba huziona chache.

Hatua ya 7: Wadudu

Kagua upande wa chini wa majani kila wiki. Utitiri ni wadogo kama vumbi; jani hupata vidoadoa vya rangi ya shaba na utando mwembamba karibu na mshipa mkuu. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kuzunguka shina, upeleke mti bafuni, na uoshe majani pande zote kwa maji ya uvuguvugu. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba mpaka uwe umeosha mara tatu, maana mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Wadudu gamba na vidung'ata hufutwa kwa kitambaa chenye sabuni ya mimea.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo haviudhuru sana mti mkubwa. Vichukulie kama taarifa kwamba sehemu ya juu ya udongo haikauki, kisha rudi kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 8: Kusoma majani bila kuhamaki

Ncha za kahawia zenye mpaka mkali, majani yakiwa bado magumu na ya kijani, ni chumvi. Hazitarudi kuwa kijani, wala hazihitaji kukatwa. Badili maji unayotumia, na usubiri majira ya kuchipua ili usafishe udongo upya.

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani huonyesha kwamba mti haupati chuma, kwa kawaida kwa sababu maji yenye chokaa yameondoa uchachu wa udongo. Maji ya mvua ndiyo tiba ya kuanzia.

Majani yaliyolegea huku udongo umelowa ni dalili ya hatari. Acha kumwagilia mara moja, toa mti chunguni kwa uangalifu na uitazame mizizi. Yenye afya ni ya rangi ya maziwa au kahawia nyepesi, na ni imara. Iliyooza ni myeusi, laini, na huvunjika ukiishika. Kama zaidi ya nusu ni mizima, kata iliyooza, upande mti kwenye udongo mpya mkavu kiasi katika chungu kidogo zaidi, na uuweke penye mwanga. Hii ndiyo hali pekee inayoruhusu kuhamisha mti wakati wa baridi. Kama karibu yote ni myeusi, nakushauri usipoteze miezi mitatu ukiuguza kijiti.

Kisha kuna upukutikaji usio na madhara. Mwezi Februari au Machi, mchana unapoanza kurefuka, mparachichi huangusha sehemu ya majani yake ya zamani ili kupisha mapya. Kwangua gome kwa ukucha: ukikuta kijani chenye unyevu chini yake na vichipukizi vinavimba kileleni, mti ni mzima. Miti iliyobebeshwa huweza pia kutoa maua wakati huo. Karibu yote yataanguka, na hilo ni la kawaida hata kwa mti wa shambani.

Hatua ya 9: Kuutoa nje tena

Subiri hatari ya barafu ipite. Bustani za Ujerumani kwa desturi husubiri mpaka katikati ya Mei, baada ya siku za tarehe 11 hadi 15 ziitwazo Eisheilige, na tarehe hiyo inafaa pia kwa Minneapolis, ambako mwaka wa baridi unaweza kudai wiki moja au mbili zaidi. Usiku uwe na nyuzi 10 au zaidi.

Majani yaliyoota ndani hayajawahi kukutana na jua lenyewe, na jua la Mei huyaunguza kwa muda wa mchana mmoja, yakabaki na mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Siku tatu za kwanza uweke mti kivulini kabisa, mahali pasipo na upepo. Kisha upewe jua la asubuhi kwa saa moja, halafu mbili, ukiongeza taratibu kwa siku 10 hadi 14. Shina lililobaki bila majani linaweza kuungua vilevile, kwa hiyo lifunikwe kwa kitambaa chepesi cheupe mpaka majani mapya yalifiche.

Baada ya wiki mbili nje, kata vichipukizi vyembamba vilivyorefuka wakati wa baridi, ukibakiza majani mawili au matatu kwenye kila kimoja, ili mti utoe matawi ya pembeni. Huu pia ndio wakati wa kubadilisha chungu, ikiwa mizizi imejaa na kuzunguka ukingoni. Chungu kipya kizidi bonge la mizizi kwa sentimita 3 au 4 tu kila upande. Changanya sehemu mbili za udongo wa chunguni wenye makumbi ya nazi, sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kuingiza hewa udongoni) na sehemu moja ya magamba ya msonobari, na usiivuruge mizizi. Mbolea ya kwanza itiwe majani mapya yakishafunguka na kukomaa, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ikitanguliwa siku moja kabla na maji matupu.